Kipimo cha Kutu

Nilikwenda kwa sababu ya chai.
Tangazo lilisema: wanafunzi wa uzamili na uzamifu,
Jumamosi, saa tatu, ukumbi wa juu,
namna ya kuandika wasifukazi, kuomba ruzuku,
na, kwa herufi ndogo chini kabisa, kujitunza.
Kisha: chai na viazi vitamu.
Posho yangu ilikuwa haijaingia tangu Machi.

Njoro ilikuwa na ukungu ule unaoshuka kutoka Mau
na kuingia hadi ndani ya soksi.
Wakanipa kadi ya shingoni: *Tabrandichi*.
Mimi ni Taprandich, nikasema.
Kijana wa mlangoni akatazama orodha, akanitazama mimi,
akaiamini orodha.

Miaka sita nasoma kutu ya ngano.
Kila asubuhi naingia kwenye banda la plastiki,
nageuza jani la mche, natoa alama:
sufuri, jani safi;
nne, jani limekwisha, vumbi jekundu hadi kidoleni.
Nimehesabu miche elfu kumi na mbili.
Milo yangu sijaihesabu.

Kando yangu aliketi Situma, wa elimu ya maji,
ambaye sura yake ya tatu iko kwa msimamizi
tangu mkewe hajashika mimba.
Mtoto sasa anasimama dede.
Sura ya tatu hata kukaa bado.

Mbele yetu Akeyo, mcheshi, wa makala nne.
Nimewahi kumsikia msalani, bomba likiwa wazi,
na hakuwa ananawa.

Bwana mmoja wa tai akatufunza kujieleza kwa dakika moja,
kama uko ndani ya lifti na tajiri.
Tukajieleza. Lifti hatuna.

Ndipo akaja Bi Kemunto, muuguzi wa zahanati,
sweta limefumuka kiwikoni.
Akagawa vipande vya karatasi: malengo yako ya miaka mitano.
Niliandika: *kulala*.
Nikafuta. Nikaandika: *mhadhiri mwandamizi*.
Nikafuta. Karatasi ikatoboka.

Hakuzikusanya.
Aliuliza: nani hapa anaweza kumwambia msimamizi wake
kwamba hayuko sawa?
Kimya. Viazi vikapoa.
Na jirani yako hapo ulipoketi?

Situma akainua mkono nusu,
kama mtu anayepima iwapo mvua imeanza.
Mimi, akasema, usiku huenda mtoni
kupima maji yasiyohitaji kupimwa.

Nami nikajikuta nasema habari ya mama, kule Elburgon,
haniulizi naendeleaje, huuliza namaliza lini,
nami humjibu: karibu.
Neno hilo limechakaa
kama zulia la mlangoni lililoandikwa vivyo hivyo.

Sikuwaambia kuhusu mstari wa kumi na saba.
Nawaambia ninyi.
Kuna ngano shambani mwangu ambayo kutu huipata
kama inavyowapata wote.
Ilipokuwa mche niliipa tatu, nikakaribia kuitupa.
Ilipokua nikaona: inaugua, lakini polepole,
doa hapa, doa pale,
na suke linajaa hivyo hivyo.
Zile zinazokataa kutu katakata, zenye sufuri zao,
kutu hujifunza mlango wao,
na msimu mmoja huzimaliza.

Cheti kilifika baada ya wiki mbili: *Tabrandichi*.
Nimekibandika bandani.
Posho, bado.

Lakini Jumanne alasiri sasa tunakutana humo, watatu,
kila mtu na kurasa zake na ndizi zake.
Jumanne ya kwanza Situma alikuja na sura ya tatu
na mtoto.
Tukiwa tunabishana juu ya jedwali
mtoto aling'oa mche wa alama nne, akautafuna.
Tulipomfungua mdomo
vumbi jekundu lilikuwa hadi kwenye ufizi,
na meno mawili, meupe, yanatutazama.

Tulicheka mpaka Akeyo akalia,
safari hii bila bomba.